Nyumba na masomo: tumlinde mtoto pamoja



Unajua malaria inaletwa na mbu, na kuhara kunaletwa na maji machafu. Leo tunataka kusema nawe juu ya ugonjwa mwingine. Huu hauletwi na mbu wala na maji. Unaletwa na mkono wa mtu. Mtu mmoja anauza, mtoto ananunua, na kidogo kidogo mwili na akili za mtoto zinaharibika. Ni habari ya tumbako, bangi, pombe kali na vidonge ambavyo vijana wetu wanavitumia vibaya.

Ukiwauliza wazazi, wengi watasema: "Kufundisha ni kazi ya walimu. Wao wanakaa na mtoto mchana." Ukiwauliza walimu, wengi watasema: "Kulea ni kazi ya wazazi. Wao walimzaa." Mtu wa tatu hasemi neno. Ni yule muuzaji. Anakaa njiani, katikati ya nyumba na masomo, na anangoja.

Basi neno letu leo ni moja tu: nyumba peke yake haiwezi kumlinda mtoto, na masomo peke yao hayawezi. Wakisaidiana wataweza. Soma polepole, na kama mwenzako hajui kusoma, umsomee.

NUSU YA HABARI

Tumfikiri kijana mmoja wa miaka 14, wa darasa la 6. Asubuhi anavaa shati nyeupe na suruali ya buluu, anachukua daftari zake, anamwaga mama. Mama anakwenda shambani. Kijana hafiki masomoni. Anakaa nyuma ya butike pamoja na rafiki wawili waliomzidi umri. Saa 7 anarudi nyumbani. Mama anauliza: "Ulisoma vizuri?" Anajibu: "Ndiyo, mama."

Masomoni mwalimu ameita majina, na kijana hakuitika. Lakini mwalimu ana wanafunzi wengi sana. Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutoza bure masomo ya msingi, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Mwalimu anafikiri: "Labda ana malaria." Kesho yake kijana anasema: "Mwalimu, nilikuwa mgonjwa." Mwalimu anasadiki.

Tazama sasa. Nyumbani mama ameona feza ya chumvi imepotea mara mbili. Ameona macho ya mtoto ni mekundu, na hasira yake inawaka kwa neno dogo. Masomoni mwalimu ameona mtoto analala juu ya meza, na mwandiko wake unaharibika. Mama ana nusu ya habari. Mwalimu ana nusu nyingine. Kama nusu hizi mbili zingekutana katika juma la kwanza, wote wawili wangefahamu mara moja. Lakini nyumba nyingi zinangoja mpaka mwisho wa mwaka, buletini inapoletwa. Na nyingine nusu zao zinakutana mlangoni pa hospitali, wakati mtoto anabebwa mgongoni na hajui jina lake.

VITU HIVI VINAFANYA NINI MWILINI

Kwanza ufahamu jambo moja juu ya ubongo. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuwa mrefu kuliko baba yake, lakini ubongo wake haujakomaa. Unaendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25. Sehemu inayokomaa mwisho ni ile ya mbele, nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo inayopima jambo na kusema: "Ngoja kwanza, hili litakuletea taabu." Umeona chukudu inayoshuka mlima na mzigo wa viazi? Magurudumu yana mbio, lakini bila breki mzigo wote utaanguka. Kijana ni hivi. Mbio anazo, breki yake bado. Kwa hiyo kitu kinachomlevya mtu mzima kinamharibu kijana zaidi, na kinamfunga upesi zaidi.

1. Tumbako. Ndani ya sigara mna sumu inayoitwa nikotini. Inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ndiyo inayomfanya mtu atake sigara nyingine. Moshi unaharibu mapafu na moyo, unaleta kansa, na mwenye kuvuta anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. OMS, ndiyo Shirika la Afya la Ulimwengu, linasema tumbako inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Walio wengi walianza kuvuta wakingali vijana.

2. Bangi. Watu wengine wanasema: "Ni majani tu, Mungu aliyaumba." Mungu aliumba na majani yenye sumu, wala hatuyapiki. Bangi inaharibu kumbukumbu. Mtoto anasikia somo asubuhi, na jioni limekwisha kutoka. Si kila mtu anayevuta anapata wazimu. Lakini yule anayeanza angali mdogo na kuvuta kila siku yuko katika hatari kubwa zaidi ya kusikia sauti zisizokuwapo na kuogopa watu wa nyumba yake. Wakati ule jamaa wanasema amelogwa, na wanazunguka kwa wafumu mpaka mbuzi wote wamekwisha.

3. Pombe kali. Wengine wanaiita lutuku, wengine lotoko, wengine kanyanga. Siku hizi kuna na chupa ndogo za dukani zenye bei ndogo. Mtoto asiyekula kitu na akanywa pombe kali, sukari ya damu yake inaweza kushuka mpaka akapata degedege na kufa. Tena pombe iliyotengenezwa bila uangalifu, ao iliyochanganywa na mtu mwenye tamaa, wakati mwingine ina sumu inayoitwa metanoli. Kwa ulimi huwezi kuitambua. Mtu anakunywa, analala, na kesho macho yake yana ukungu. Wengine wamepofuka kabisa, na wengine wamekufa. Kwa hesabu ya OMS, katika mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2 na laki 6 katika ulimwengu.

4. Vidonge. Tramadol ni dawa nzuri ya kutuliza maumivu makali, kama mganga ameiandika na kuipima. Diazepam, ambayo wengi wanaiita Valium, ni dawa ya kuzuia degedege. Hapa hospitalini tunazitumia. Lakini vijana wananunua Tramadol sokoni bila karatasi ya mganga, wanameza nyingi mara moja ili wasisikie uchovu, njaa ao woga. Vidonge vingi vya Tramadol vinaweza kuleta degedege kama kifafa. Tena vinapunguza pumzi. Kama mtu amevichanganya na pombe ao na Valium, pumzi inaweza kusimama katika usingizi, na hakuna anayejua mpaka asubuhi.

5. Kole. Watoto wa barabarani wananusa kole ya viatu ili kusahau njaa. Mvuke wake unachukua pahali pa hewa safi, na moyo unaweza kusimama gafula, hata kwa mtoto aliyenusa mara ya kwanza.

6. "Bombe". Katika mwaka 2021 habari yake ilienea kutoka Kinshasa. Vijana walionekana wamesimama kama miti kwa saa nyingi, wameinama, hawaendi mbele wala nyuma. Walitumia unga ambao ndani yake mna kitu kinachotolewa katika bomba la moshi la motokari, kimesagwa na kuchanganywa na vidonge. Kitu kilichofanywa kwa kusafisha moshi wa gari, mtoto wa mtu anakiingiza katika mwili wake! Mtu mmoja akikuambia kitu kipya kimefika katika mji, usicheke. Uliza ni nini, na uwaambie walimu.

SABABU GANI MTOTO ANAANZA

Wazazi wengi wanafikiri muuzaji ni mtu mgeni mwenye uso mbaya. Mara nyingi sivyo. Anayempa mtoto mara ya kwanza ni rafiki yake, ao kaka yake, ao jirani. Haanzi kwa kuuza. Anampa bure.

Mwingine anaanza kwa uchovu. Yuko kwenye shimo la madini tangu alfajiri, ao anabeba mizigo sokoni, na wenzake wanamwambia kidonge kimoja kitampa nguvu. Mwingine anaanza kwa huzuni. Ameona vita, amekimbia kijiji, amezika jamaa yake, na usiku hapati usingizi. Huyu hatafuti raha, anatafuta kusahau. Mwingine hana kazi wala mchezo, na saa za mchana ni ndefu. Na mwingine alianza nyumbani: baba alimtuma kununua sigara, alimwambia aiwashe jikoni, na katika kuiwasha alivuta.

Hapa kuna jambo gumu, nalo hatutalificha. Mama wengi wa nchi yetu wanalipa masomo ya watoto kwa kupika lutuku. Shamba halitoshi, baba hana mshahara ao amekufa, na pipa la lutuku linaleta feza ya sare na ya daftari. Mama huyu si mtu mwovu. Anampenda mtoto wake. Lakini fikiri, mama yangu: kile kinachomlipia mtoto wako masomo kinamtoa mtoto wa jirani katika masomo. Na mara nyingi ni mtoto wako mwenyewe anayeonja, maana yeye ndiye anayechota, anayepima na anayepeleka kwa wanunuzi.

Kanisa lisimhukumu mama huyu na kumwacha na njaa yake. Kama tukimwambia "Acha," tumwambie na "Njoo, tufanye hivi pamoja." Katika chama cha mama tunaweza kuweka feza kidogo kila juma na kumpa mmoja kwa zamu, ili aanze kuuza sabuni, mafuta ya mawese, unga ao mikate. Itachukua wakati. Na wakati huo tumwombe jambo moja dogo la kuanzia: mtoto asiguse pipa, na pombe isiuzwe kwa mtoto wa mtu. Aliyeanza hapo amekwisha kuanza njia.

HABARI YA NCHI MOJA YA MBALI

Labda unasema: "Jambo hili limetushinda, vijana wa siku hizi hawasikii." Sikia habari ya Iceland, ambayo kwa Kifaransa inaitwa Islande. Ni kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya. Watu wake wote hawafiki laki 4.

Katika mwaka 1998 waliwauliza wanafunzi wao wa miaka 15 na 16. Katika kila 100, wanafunzi 42 walikuwa wamelewa katika mwezi uliopita. 23 walivuta sigara kila siku. 17 walikwisha kujaribu bangi. Wazazi waliona haya na hofu. Mbele ya hapo watoto walikuwa wamefundishwa masomoni juu ya hatari ya pombe na tumbako, lakini mafundisho peke yake hayakuwageuza.

Basi walibadili njia. Waliamua kutengeneza maisha yote yanayomzunguka mtoto. Wazazi wa kila masomo walikutana na kuandika mapatano: watoto hawatapewa pombe, hawatafanya karamu bila mtu mzima, na kila mzazi atawaangalia na watoto wa wenzake. Sheria iliweka saa ya kurudi nyumbani: mtoto wa miaka 13 mpaka 16 asiwe nje peke yake kupita saa 4 usiku wakati wa baridi, na saa 6 usiku wakati wa joto, kwa sababu kule wakati wa joto jua linakawia sana kushuka. Wazazi walipanga zamu, wakatembea mtaani jioni. Sheria ilikataza kumwuzia tumbako mtu asiyefika miaka 18, na pombe mtu asiyefika miaka 20. Feza ilitolewa kwa michezo, muziki na kazi nyingine nzuri za vijana. Na mara kwa mara waliwauliza wanafunzi tena, bila kuandika majina, na kila masomo yalipewa majibu ya watoto wake ili wazazi na walimu wayatazame pamoja.

Katika mwaka 2016 waliuliza tena. Waliolewa katika mwezi uliopita hawakuwa 42, walikuwa 5. Waliovuta sigara kila siku hawakuwa 23, walikuwa 3. Waliojaribu bangi hawakuwa 17, walikuwa 7.

Usiseme: "Wale ni matajiri." Ni kweli wana feza ambayo sisi hatuna. Lakini mapatano ya wazazi yanagarimu nini? Karatasi moja. Saa ya kurudi inagarimu nini? Hakuna kitu. Kutembea mtaani jioni, baba wawili na mama wawili, kunagarimu nini? Miguu tu. Mpira wa matambara watoto wetu wanaufunga wenyewe. Kinachotakiwa ni mtu mzima mmoja anayekaa nao kiwanjani.

Tena sisi tuna kitu kimoja cha kutusaidia. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, kanisa linasimamia masomo mengi katika Kongo. Mwalimu wa mtoto wako anaimba pamoja nawe katika chorali. Mzee wa kanisa ni baba wa mwanafunzi. Siku ya Mungu mnakaa kwenye benchi moja. Nusu mbili za habari zinakaa bega kwa bega, kisha kila mmoja anarudi kwake bila kusema!

MAPATANO YETU

Haya ndiyo tunayoyashauri. Myasome katika mkutano wa komite ya wazazi, mchague yale mnayoweza kuyafanya, na myaandike.

Kazi ya nyumba:

Ujue jina la mwalimu wa mtoto wako, naye aujue uso wako. Usingoje kuitwa kwa sababu ya ubaya.

Mtoto akibaki nyumbani kwa ugonjwa, mtume ndugu yake ao jirani apeleke habari siku ile ile.

Uweke saa ya kurudi. Mtoto wa masomo awe nyumbani mbele ya giza, saa 12 jioni. Na saa hiyo iwe moja kwa nyumba zote za mtaa, ili mtoto asiseme: "Rafiki zangu wanaruhusiwa."

Kula pamoja na mtoto walau mara moja kwa siku, hata kama chakula ni ugali na sombe tu. Mtoto anayeongea na wazazi wake juu ya mambo madogo ataongea nao na juu ya makubwa.

Baba, usimtume mtoto kununua sigara ao pombe. Na kama unavuta ao unakunywa mwenyewe, mtoto anasoma mwendo wako mbele ya kusikia maneno yako.

Kazi ya masomo:

Mwalimu aite majina kila asubuhi. Mtoto akikosa siku mbili bila habari, mtu atumwe nyumbani kwake siku ya pili, si mwisho wa mwezi.

Mwalimu asiwafundishe watoto kwa kuwatisha tu. Awazoeze kukataa. Mtoto mmoja ampe mwenzake kitu kwa mchezo, na mwenzake ajibu: "Hapana, ninakwenda kucheza mpira." Neno lililokwisha kusemwa mbele ya darasa ni rahisi kusemwa njiani.

Mwalimu mwenyewe asije kazini na harufu ya pombe, wala asimtume mwanafunzi kumnunulia sigara.

Na hili ni kubwa: mtoto aliyekamatwa na sigara ao kidonge asifukuzwe mara moja. Waitwe wazazi wake kwanza. Mtoto aliyefukuzwa anakwenda wapi? Anakwenda kule kule nyuma ya butike, na sasa ana siku nzima. Mkubwa wa masomo anafikiri amesafisha masomo yake, kumbe amempa muuzaji mfanyakazi mpya.

Kazi ya wote wawili:

Kutana mara moja kwa kila miezi mitatu. Msiseme juu ya feza ya masomo siku hiyo. Mseme juu ya watoto tu, maana mzazi mwenye deni anaogopa kuja, naye ndiye tunayemhitaji.

Tembeeni pamoja katika njia ya watoto, kutoka masomo mpaka nyumba ya mwisho. Tazameni ni pahali gani wanasimama, nani anauza nini. Mwendeni kwa muuzaji watu watatu ao wane, pamoja na mkubwa wa nyumba kumi, mseme naye kwa upole: asimwuzie mtoto. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kila mtu asiyefika miaka 18 ni mtoto na anapaswa kulindwa, tena inakataza kumtumia mtoto katika biashara ya madawa ya kulevya. Kama muuzaji hasikii, jambo lipelekwe kwa wakubwa. Msipige mtu, msichome nyumba.

Wapeni vijana kazi ya mchana: mpira, chorali, bustani ya mboga, kushona, kusoma. Kijana mwenye kungojewa na watu mahali fulani hana nafasi ya kupotea.

KAMA MTOTO AMEKWISHA KUANZA

Mzazi, usimpige, wala usimfukuze usiku, wala usimfunge kamba. Mtoto aliyepigwa hasemi ukweli, anajifunza kuficha vizuri zaidi. Ngoja mpaka amelevuka. Kaa naye peke yenu. Mwambie ulichokiona, si ulichosikia kwa watu: "Nimeona macho yako. Nimeona feza imepotea. Ninakupenda, na ninaogopa." Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kujibu. Kesho yake nenda kwa mwalimu, uunganishe nusu zenu.

Mlete hospitalini. Hatumwiti polisi, wala hatumpigii kelele. Tunamtazama mwili, tunamsikiliza, tunapanga pamoja naye. Kama amekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, asikatizwe gafula nyumbani, maana anaweza kutetemeka, kupata degedege na hata kufa. Mganga atampunguzia kwa dawa. Kama akili zake zimechafuka, kuna wenye ujuzi wa ugonjwa huo, kama wale wa SOSAME huko Bukavu. Maombi na dawa hazigombani. Tunaomba tukiwa tunampa dawa.

Kama ukimkuta amelala na haamki, fanya hivi:

Mlaze ubavu, ili matapishi yasimzibe pumzi.

Usimpe maziwa, mafuta, maji wala kitu kingine kinywani. Usimtapishe.

Usimwache "alale mpaka ipite". Tazama pumzi yake. Ikiwa ya polepole sana, ao midomo inageuka rangi, ni hatari ya kufa.

Tafuta kimoto ao kipoyi, mlete upesi, na ulete pakiti ao chupa uliyoiona karibu naye. Mtu aliyekunywa pombe na kesho yake anaona ukungu, aletwe siku ile ile.

NENO LA MUNGU

Soma Danieli sura ya 1. Danieli na rafiki zake watatu walikuwa vijana. Walichukuliwa mbali na wazazi, wakaingizwa katika masomo ya mfalme wa Babeli kwa miaka 3. Waliwekewa chakula cha mfalme na divai yake. Baba na mama hawakuwapo kuwaona. Lakini yale waliyopewa nyumbani yalikuwa yamekwisha kuingia moyoni, na Danieli alikata shauri asijitie unajisi.

Tazama mambo mawili. La kwanza, hakusimama peke yake. Walikuwa wane. Kijana mwenye rafiki wazuri watatu ana ukuta. La pili, yule aliyewekwa kuwaangalia hakuwazarau. Aliwasikia, akawajaribu siku 10, akaona kwa macho yake kwamba nyuso zao zimekuwa nzuri kuliko za wenzao. Malezi ya nyumba na mwangalizi wa masomo vilikutana, na vijana wane waliokolewa.

Soma tena habari ya kuhani Eli katika 1 Samweli sura ya 2 na ya 3. Eli alisikia ubaya wa wana wake kwa watu wote. Aliwaonya kwa maneno, lakini hakuwazuia. Wazazi na walimu, tusiwe watu wa kusikia na kuonya tu.

Nanyi vijana mnaosoma: mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu, kama Paulo alivyowafundisha Wakorinto. Anayekupa kidonge bure leo atakudai kesho. Kumkataa si woga. Na kama umekwisha kuingia, njia ya kurudi iko. Mwambie mtu mzima mmoja leo: mama, mwalimu, mchungaji, ao mwuguzi. Neno la kwanza ndilo gumu kuliko yote.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA KUNDI

1. Unajua jina la mwalimu wa kila mtoto wako? Ulimwona lini mara ya mwisho?

2. Katika njia ya watoto wetu, ni pahali gani wanauza pombe, sigara ao vidonge? Nani atakwenda kusema na wauzaji?

3. Katika kanisa letu, ni mama gani anayelipa masomo kwa kupika lutuku? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

4. Ni mtoto gani aliyefukuzwa masomoni mwaka huu? Yuko wapi leo? Nani kati yetu atakwenda kumtafuta juma hili?

Msifunge mkutano mbele ya kujibu ulizo la 4 kwa jina la mtoto na jina la yule atakayekwenda. Kisha ombeni kwa ajili ya wote wawili.